Barua ya Mafundi wa Kibarazani

Barua ile niliiandika mara sita. Naanza na jambo hilo kwa sababu watu wa kwetu wakiisimulia husema "tuliandika barua wilayani", kana kwamba tulikaa siku moja, tukashika kalamu, tukamaliza. Aliyeandika ni mimi, na aliyechana ni mimi. Karatasi zilizochanwa ziliishia jikoni kwa mama, na kila alipowashia moto aliniuliza kama barua imekwisha au aendelee kupata kuni za bure.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi cherehani pale Natta, kwenye kibaraza cha duka lililofungwa. Shule niliiacha darasa la nne, kwa sababu za kawaida tu: wadogo zangu walikuwa wengi na mimi nilikuwa wa kike. Yaliyobaki nilijisomea mwenyewe, kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari na kwenye vijitabu vya elimu ya watu wazima vilivyoletwa kijijini. Ushonaji nao nilijifunza hivyo hivyo. Nilichukua shati kuukuu la baba, nikalifumua lote kwa wembe, nikavilaza vipande chini, nikavitazama siku nzima, kisha nikaliunga upya. Mkono mmoja ulitoka mfupi. Jumapili baba alilivaa kanisani akiwa amekunja mikono yote miwili. Mpaka leo nikimwona mtu amekunja mikono ya shati, moyo wangu unashtuka.

Cherehani yenyewe nilipewa na shangazi, dada yake baba, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka. Macho yake yalipoanza kuchoka aliniita, akaniambia, "Chukua, mimi sasa nashona vidole vyangu." Ilivuka Sirari juu ya basi, ikafika Tarime, na kutoka huko ikaja kwa lori na kwa baiskeli, mimi nikiisukuma nyuma kwa mkono mmoja na mkono mwingine nikishikilia gurudumu lake lisizunguke. Sijawahi kuwa na kitu kingine changu mwenyewe.

Nina ugonjwa wa kurudia. Nikishona pindo, nalifumua. Nikilishona tena, naona la kwanza lilikuwa bora. Wateja walinijua. Mzee mmoja wa Issenye aliniambia mbele ya watu, "Binti, kaptula hiyo naomba niivae kabla sijazikwa nayo." Watu walicheka na mimi nikacheka, kisha nikaenda nyuma ya nyumba kulia. Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyefanywa katibu wa umoja wa mafundi.

Pale kibarazani tulikuwa kumi na wawili. Mwenyekiti alikuwa mzee fundi wa baiskeli, mrefu, mwenye vidole vilivyojaa gundi ya viraka. Alipewa uenyekiti kwa sababu rika lake lilitangulia marika ya wengine wote, na kwetu jambo hilo halipigiwi kura. Alikuwapo fundi wa makatambuga, kijana aliyechonga viatu kutoka kwenye matairi ya lori. Walikuwapo mafundi wengine wa cherehani, wa taa na wa majembe. Na alikuwapo mama wa chai, aliyekaa mwisho kabisa wa kibaraza na birika lake kubwa jeusi na beseni la maandazi. Fundi wa makatambuga alikuwa amemwoa binti yake. Yaani walikuwa wakwe, na kwetu mkwe wa namna hiyo hushikani naye mikono, huli naye sahani moja, wala humwambii neno usoni. Walifanya kazi hatua kumi mmoja na mwenzake, miaka mitatu, wakiongea kupitia sisi.

Umoja wetu ulianza kwa ajili ya misiba. Aliyefiwa tulimsaidia: mimi nilishona sanda, mama wa chai alichemsha chai ya waombolezaji, mwenyekiti alitengeneza baiskeli za waliotumwa kupeleka habari. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja umoja huo ungekwenda kuzungumza na serikali.

Kisha ikaja habari ya maduka. Maduka ya watu binafsi yalitakiwa kufungwa na kijiji kikafungua duka lake. Nataka niseme kweli: nilipiga makofi. Mwenye duka yule tuliyekaa kwenye kibaraza chake alikuwa akificha sukari ikiadimika, na alipofunga akaenda kwao, hakuna aliyemsindikiza. Niliamini ujamaa, na bado naamini. Lakini wiki chache baadaye katibu kata alituita mkutanoni akasoma agizo la wilaya: kila mfanyabiashara aliyemo kijijini aiweke biashara yake chini ya duka la kijiji, na ikifika mwisho wa mwezi vyombo vyote vya biashara vipelekwe kwenye stoo ya duka. Kamati ya duka ndiyo itakayopanga nani atumie chombo gani, lini.

Nilinyoosha mkono. "Ndugu Katibu, cherehani ni duka?"

"Watu wanakuja kwako?"

"Wanakuja."

"Wanaondoka na kitu, wanaacha kitu?"

"Ndiyo."

"Basi ni biashara. Tuendelee."

Nilikaa chini. Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: cherehani yangu ndani ya stoo, chini ya magunia ya chumvi, na mtu asiyejua hata kuitia mafuta akiwa na ufunguo.

Kesho yake asubuhi tulikutana nyuma ya mashine ya kusaga. Mwenyekiti alitungojea mpaka wote tukakaa, kisha akauliza, "Haya. Tulie, au tuseme?"

Fundi wa makatambuga aliruka. "Mimi nitabaki bila kazi, watanipeleka shamba la ujamaa. Visu vyangu vitakata nini kule, mtama?"

Mama wa chai alilitazama birika lake, akaliambia, "Kuna watu hapa walilima mtama kabla hawajajua kukata tairi, na hawakufa. Mwambieni apunguze kelele, tusikie la mwenyekiti."

"Mwambieni amesikia," alisema mkwewe, macho chini.

"Amesikia," tukasema sote pamoja, maana tulikwisha zoea.

Mwenyekiti alisema hatuna ugomvi na ujamaa. "Tatizo ni kwamba wametuhesabu pamoja na yule aliyeficha sukari. Mimi namwajiri nani? Namnyonya nani? Tairi limepasuka, naziba, unaondoka. Agizo hilo halikutukusudia sisi, ila aliyeliandika hakutuona. Basi tumwonyeshe." Kisha akanigeukia. "Katibu, andika."

Nilisema sawa kwa sauti ya mtu hodari, kisha nikaenda kutafuta karatasi.

Barua ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko vitu vyote nilivyowahi kutengeneza. Niliokota kila neno zito nililolijua. Nilianza na "kwa heshima na taadhima", nikaendelea na "sisi wanyonge tunaogubikwa na wingu la simanzi", nikamalizia na mapambano ya bara zima la Afrika. Niliwasomea pale kibarazani, nimesimama, mkono mmoja kifuani. Nilipomaliza walitazamana. Nilidhani wameguswa.

Mama wa chai ndiye aliyeanza. "Mwanangu, umesoma vizuri. Ila huyo anayelia humo ndani ni nani? Mimi simjui."

"Ni sisi, mama."

"Mimi sijalia. Mimi nachemsha chai."

"Na hilo wingu," alisema mwenyekiti, "likinyesha mvua tutashukuru, maana mahindi yanakauka."

Walicheka mpaka mmoja akashika nguzo. Mimi nilikunja karatasi ile mara nne, nikaiweka ndani ya droo ya cherehani, na siku nzima sikumtazama mtu. Niliwachukia. Nilisema moyoni kwamba watu wasiojua kusoma hawastahili kuandikiwa. Naandika jambo hili hapa kwa sababu ni la kweli na kwa sababu nalionea aibu. Nilikuwa nimeandika barua ya kunisifu mimi, na wao waliliona hilo kabla yangu.

Ya pili mpaka ya tano sina la kusema juu yake. Ya sita nilibadilisha njia. Nilichukua daftari, nikaenda kwa kila mtu, nikakaa chini, nikamwuliza: "Jana ulifanya nini, tangu ulipofika?" Na nikaandika alichosema, kama alivyokisema. Mwenyekiti alisema alfajiri alikuja mwalimu kutoka Ringwani akiwa anaikokota baiskeli, tairi la nyuma limepasuka, watoto wanamngoja. Alimzibia hata kabla hajafungua mkoba wote. "Sasa pampu yangu ikiwa stoo," alisema, "na mwenye ufunguo bado amelala, mwalimu atafundisha saa ngapi?" Fundi wa makatambuga alisema wafugaji huja siku ya mnada tu, na mnada ni Jumapili, na duka la kijiji Jumapili halifunguliwi. Mimi mwenyewe nilijiuliza swali lile lile, nikaandika kwamba shule zinapokaribia kufunguliwa nashona sare mpaka vidole vinavimba. Kurasa tatu zikajaa. Hazikuwa na neno zito hata moja.

Nilipowasomea hiyo, hakuna aliyecheka. Fundi wa majembe alisema, "Soma tena pale pangu." Nikasoma tena pale pake. Ilinibidi nimsomee mara tatu.

Yakabaki majina. Na hapa nilifanya kosa ambalo mgeni asingeliona kuwa kosa. Kwenye magazeti nilikuwa nimeona orodha za waliofaulu mitihani, zimepangwa kwa alfabeti, safi, kila herufi mahali pake. Nilipenda sana orodha zile. Basi nikapanga majina yetu kumi na mawili kwa alfabeti, nikapiga mistari kwa rula, nikaacha nafasi ya dole gumba kando ya kila jina. Mwalimu mkuu wa shule alituazima kitambaa chake cha wino ndani ya kikopo. Ilikuwa karatasi ya kupendeza. Niliiweka juu ya cherehani, nikawaita.

Mwenyekiti aliinama, akatafuta jina lake. Alilikuta la tisa.

"Mimi nimezaliwa baada ya hawa?" aliuliza kwa upole.

"Ni alfabeti, Mwenyekiti."

"Huyo Alfabeti ni wa rika gani?"

Nilianza kueleza, lakini upande wa pili kulikuwa na jambo baya zaidi. Alfabeti ilikuwa imemweka mama wa chai mstari wa nne na mkwewe mstari wa tano. Vidole vyao vingegusana. Na si hivyo tu: walitakiwa wachovye kwenye kikopo kimoja, kitambaa kimoja, wino ule ule, jambo ambalo kwetu halina tofauti kubwa na kushikana mikono mbele ya mkutano. Mama wa chai alikuwa ameficha mikono ndani ya kanga. Fundi wa makatambuga alikuwa amekwisha geuka, anajifanya anatafuta kisu chini ya benchi, ambako hakukuwa na kisu.

"Mama," nilimwambia, "ni barua tu."

"Mwanangu," alisema, "wewe umekulia wapi?"

Nilikulia pale pale. Nilijua yote hayo. Miaka mitatu nilikuwa nimewapelekea maneno, huyu na huyu, na bado nilipochukua rula mkononi niliwasahau kabisa, nikakumbuka mistari. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na rula yangu.

Tulikaa nusu siku kulitengeneza. Mwishowe ikaamuliwa ziwe karatasi mbili: wanaume yao, wanawake yetu, kila moja kwa kufuata rika, na vitambaa vya wino viwili, cha pili nilikitengeneza kwa kipande cha nguo ya amerikani. Jina la kwanza la wanaume likawa la mwenyekiti. La kwanza la wanawake likawa la mama wa chai, na la mwisho kabisa likawa la katibu. Fundi wa taa aliteleza akapaka wino mpaka pembeni ya karatasi. Nilivuta pumzi, nikaanza kutafuta karatasi nyingine, mwenyekiti akaniwekea mkono begani. "Acha. Dole lake ni chafu kwa sababu ya kazi. Wakaone."

Kwa kuchelewa huko katibu kata alikuwa amekwisha peleka barua zake wilayani, na mwisho wa mwezi ulikuwa umebaki siku nne. Ikabidi tuipeleke wenyewe. Tulipanda lori lililobeba pamba kwenda Mugumu, mwenyekiti, mama wa chai na mimi, nikiwa nimeifunga barua ndani ya kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, kama nguo ya ubatizo.

Afisa biashara alikuwa kijana, mgeni wa mikoa ya mbali, mwenye shati safi. Nilitazama kola yake kwanza. Ilikuwa imeshonwa vizuri sana na hilo lilinivunja nguvu. Alimwamkia mwenyekiti shikamoo, akamwamkia mama, akatukaribisha tukae. Alisoma kurasa zote tatu. Alipofika kwenye majina akakunja uso.

"Hizi karatasi mbili ni vyama viwili?"

"Ni kimoja," alisema mwenyekiti.

"Mbona mmejitenga? Na majina hayana mpango."

Tarishi wa ofisi, mzee wa hapo hapo, alikuwa amesimama mlangoni na faili. Alichungulia karatasi, akatabasamu. "Ndugu, mpango upo. Huyu wa juu ndiye mkubwa, unashuka hivyo mpaka chini. Na humu bila shaka wamo wakwe."

"Wamo," alisema mama wa chai.

Afisa alizitazama tena karatasi zile, polepole. Kisha akaiweka barua mezani. "Wazee wangu, nitasema wazi. Nimeletewa barua nyingi mwezi huu. Wenye maduka wamekuwa wajanja, wanatanguliza majina ya maskini, wao wanajificha nyuma. Majina haya naamini ni ya watu wa kweli. Lakini barua hii kawaandikia nani?"

"Huyu," alisema mwenyekiti, akininyooshea kidole.

"Umesoma mpaka wapi, dada?"

"Darasa la nne, Ndugu Afisa."

Hakucheka, lakini hakuamini. Alifungua droo, akatoa karatasi moja na kalamu, akanisogezea. "Kamati ya wilaya inakaa leo mchana. Hawatasoma kurasa tatu. Niandikie hapa ombi lenu, mistari michache, niwasomee hayo hayo."

"Niandike kwanza ya kujaribu?"

"Karatasi ni hiyo moja."

Mtu mwingine asingeelewa hofu ile. Sijawahi kuandika kitu mara moja. Sijawahi kushona kitu mara moja. Saa ya ukutani ilikuwa ikilia, na mwenyekiti alikuwa akitazama dirishani, kwa makusudi, ili nisimwone ananitazama. Niliandika. Nakumbuka kila neno: "Tunaomba fundi anayefanya kazi kwa mikono yake, kwa chombo chake, bila kumwajiri mtu, asihesabiwe kuwa mwenye duka. Tutajiandikisha kijijini na kijiji kitusimamie. Lakini chombo kikae na mwenyewe, maana tairi halichagui saa ya ofisi kupasuka."

Sentensi ile ya mwisho ilitoka yenyewe. Nilitaka kuikata. Nilisoma kwa sauti, na nilipofika hapo mama wa chai alicheka kwa sauti, mwenyekiti akagonga meza, na afisa akacheka pia, akaichukua karatasi kabla sijaifikia.

"Usiiguse," alisema.

Tulirudi nyumbani. Siku mbili nilishona na kufumua pindo moja. Siku ya tatu, ikiwa imebaki moja mwezi uishe, mwenyekiti wa kijiji alipiga kengele, akasoma tangazo kutoka wilayani. Niliyasikia maneno yangu yakitoka kinywani mwa mtu mwingine: fundi anayefanya kazi kwa mikono yake, kwa chombo chake, bila kumwajiri mtu, hatahesabiwa kuwa mwenye duka. Tena haikuwa kwa Natta tu. Ilikuwa kwa vijiji vyote vya wilaya. Nilifikiria mafundi wa Issenye, wa Ringwani, watu nisiowajua, wameketi na mikasi yao na nyundo zao, na hakuna atakayekuja kuwanyang'anya. Watu walinibeba. Kweli walinibeba, mimi niliyekuwa naogopa hata kuchungulia dirisha la ofisi.

Nilipowekwa chini nilimtafuta mama wa chai. Alikuwa amesimama kando, anatabasamu, anapiga makofi. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimeandika "fundi". Kamati ilitupa kile tulichoomba, wala haikuzidisha. Mchemsha chai si fundi. Kesho yake birika lake lilitakiwa stoo.

Nilimwendea. Machozi yalinitoka kabla ya maneno. "Mama, nimekusahau. Ulikuwa umekaa karibu yangu na nimekusahau."

"Nilikuwepo," alisema. "Ulisoma kwa sauti na mimi masikio ninayo. Nilifurahia hilo tairi, nikalisahau birika. Tumesahau wawili." Alinifuta uso kwa pembe ya kanga yake, kwa nguvu, kama anayefuta beseni. "Acha kulia. Watu watasema barua ya kwanza ilikuwa ya kweli."

Nilifikiri mambo yameishia hapo. Wengine wote walikuwa salama, na ukiwa salama ni rahisi kurudi kazini. Sikuujua umoja wetu.

Asubuhi ya siku ile ya mwisho tulitakiwa kwenda ofisi ya kijiji kuchukua vibali vyetu vya kufanyia kazi. Tulikwenda kumi na wawili, kwa kufuata rika, mwenyekiti mbele. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amevipanga mezani.

"Vibali kumi na kimoja," alisema. "Mama wa chai hayumo, yeye atapeleka vyombo vyake dukani."

Mwenyekiti wetu aliweka mikono nyuma. "Tumekuja kumi na wawili."

"Nimekwambia mzee, tangazo linasema mafundi."

"Nimesikia. Basi tutangoja."

"Mtangoja nini?"

"Cha kumi na mbili."

Alikaa kwenye ngazi ya ofisi, na sisi tukakaa. Aliyekaa wa pili, kabla ya kuambiwa, alikuwa fundi wa makatambuga. Alikaa ukingo wa mbali kabisa na mkwewe, mgongo wake kwake, kama ilivyopasa, lakini alikaa. Akamwambia fundi wa taa, "Mwambieni asilipeleke birika stoo. Leo halihami."

"Mwambieni nimesikia," alisema mama wa chai, na safari hii hakuwa na birika la kutazama, alitazama chini, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Hatukupiga kelele. Hatukutukana mtu. Kibaraza kilikuwa kitupu, na watu walianza kuja. Mganga wa zahanati alikuja akisukuma baiskeli. Akatukuta ngazini, akaambiwa tunangoja. Akina mama wawili walikuja kufuata sare. Madereva wa lori la pamba walishuka wakiulizia chai, wakaambiwa mwenye chai yuko hapa ila anangoja kibali. Mmoja aliingia ndani kumwuliza mwenyekiti wa kijiji kibali cha chai ni kitu gani. Wakaingia wengine. Kufika saa sita ofisi ilijaa watu wenye shida, na mwenyekiti wa kijiji, ambaye hakuwa mtu mbaya na aliyekuwa hajanywa chai tangu asubuhi, alitoka nje akiwa amekunja mikono kifuani.

"Katibu wao yuko wapi?"

Nilisimama.

"Ingia uandike. Andika kwamba kijiji chenyewe kinaomba. Mchemsha chai ahesabiwe pamoja na mafundi, sukari atanunua duka la kijiji. Mimi nitagonga muhuri. Na mpaka wilaya ijibu, birika likae pale lilipo."

Niliingia. Nilipewa meza yake mwenyewe. Watu walijaa mlangoni na madirishani, jasho, wino, harufu ya pamba, mganga akiniambia niharakishe, madereva wakinitajia maneno ya kuandika ambayo siwezi kuyaandika hapa. Niliandika jina la mama wa chai katika mstari wa kwanza. Kisha nikamsomea yeye kwanza, kabla ya mwenyekiti wa kijiji, na nikamwuliza kama kuna mtu tuliyemsahau.

Aliwaza. Alituhesabu kwa kidole, mmoja mmoja, kule nje ngazini, na alipofika kwa mkwewe alimhesabu kwa kidevu tu.

"Tumo wote," alisema.

Muhuri ukagongwa.